Mwezi wa Tikiti

Mama wa binti yangu aliondoka Jumatatu asubuhi, nikiwa zizini na ndoo katikati ya magoti. Niliporudi nyumbani nilikuta moto umefunikwa majivu vizuri, sufuria zimeoshwa, na binti yetu, aliyekuwa na miaka sita na mapengo mawili mdomoni, amekaa kizingitini peke yake. Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Ameenda kwa nyanya na mtoto," akasema. "Amesema atarudi mwezi ukiisha."

Mtoto aliyemtaja ni mdogo wake wa kiume, aliyekuwa bado ananyonya. Kwetu magharibi, mke akiondoka, watoto hubaki kwa baba aliyetoa ng'ombe wa mahari, isipokuwa yule wa mgongoni. Mke wangu alifuata desturi mpaka mwisho. Alimchukua wa kunyonya, akaniachia mkubwa, na kwa kuwa hakutaka alie akimfuata barabarani, akamwachia neno la kumtuliza. Mimi nilijua harudi. Nilijua kwa vile alivyoziosha zile sufuria.

Nitasema sababu hapa hapa, maana nimechoshwa na wazee wenzangu wanaosimulia jinsi walivyoachwa kana kwamba mke ni kofia iliyopeperushwa na upepo. Nilimpiga. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya maneno aliyoniambia mbele ya watu, na mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya chumvi. Nilitoka kazini na njaa, mboga haikuwa na chumvi, nikamuuliza pesa za kibarua chake zimekwenda wapi. Akajibu kwamba zimekwenda kununua unga, kwa kuwa zangu zimekwenda kwenye pombe. Nikamzaba kofi, na binti yetu alikuwa ameshika gauni la mama yake. Mke wangu hakulia, wala hakunijibu tena. Aliendelea kwenda kupalilia mahindi ya Mzungu mwenye shamba tulilofanyia kazi kwa wiki kadhaa, akaweka senti za nauli bila mimi kujua, halafu Jumatatu ile akaenda stesheni ya Nakuru kupanda gari la moshi.

Shamba lilikuwa kaskazini-magharibi mwa mji, sehemu ambayo leo wanaiita Kiamunyi, na watu wamejenga nyumba za mawe zenye mageti. Wakati huo ilikuwa mahindi na ng'ombe wa maziwa, vyote vya Mzungu mmoja mrefu aliyetembea na fimbo. Tulifika pale miaka ile ya hali ya hatari, Wakikuyu wengi walipopakiwa kwenye malori na kuondolewa mashambani, na Wazungu wakabaki wakitafuta mikono. Nyumba tuliyopewa katika laini za wafanyakazi ilikuwa na moshi wa watu wengine ukutani. Sikuuliza walikwenda wapi, nami nilikuwa na furaha ya kupata kazi.

Lazima nieleze neno moja, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Pale shambani mwezi haukuwa wa kalenda. Kila mfanyakazi alipewa tikiti, karatasi ngumu yenye vyumba thelathini, na kila siku uliyofanya kazi nyapara aliweka mstari katika chumba kimoja. Aliandika kwa penseli ya zile za kulamba, ambazo ukizilowesha kwa mate zinatoa rangi ya zambarau isiyofutika. Vyumba vikijaa, mwezi wako umeisha, unalipwa. Usipokwenda kazini hakuna mstari, na mwezi unasimama pale pale unakungoja. Majirani wawili waliweza kuanza mwezi siku moja, na mmoja akaumaliza wiki mbili kabla ya mwenzake. Mtu akikuuliza, "Mwezi yako imebaki ngapi?" ulitoa tikiti mfukoni ukahesabu. Tulizoea hivyo, na watoto waliokulia pale hawakuujua mwezi mwingine.

Wiki ya kwanza niliishi kwa hasira. Hasira ni kitu kizuri kwa mtu aliyeachwa, inamwamsha asubuhi. Nilikamua kwa nguvu mpaka ng'ombe wakaanza kunipiga mateke. Wiki ya pili hasira ikaisha na ndipo nikaanza kuona nyumba ilivyo. Posho ya unga niliyopewa kila Jumamosi ilikuwa ya mtu mmoja. Vile vingine vyote, chumvi, sukari, sabuni, mafuta ya taa, kitambaa cha gauni, vilikuwa vikiingia mlangoni kwa jembe la mke wangu, na mimi mwanamume mzima sikuwahi kujiuliza vinatoka wapi. Nilidhani vinaota. Nilipika mboga bila chumvi siku nyingi, na hakuna mtu aliyenipiga.

Kazi ya kukamua ilianza saa kumi alfajiri, na Mzungu hakutaka watoto zizini. Jirani yetu, mke wa dereva wa trekta, alikubali binti yangu awe anahamia kwake saa hizo na kumalizia usingizi pamoja na watoto wake. Kama malipo nilimpa nusu ya maziwa niliyogawiwa, yale yaliyokwisha tolewa mafuta. Alikuwa mama mwenye moyo mzuri na ulimi mbaya. Siku ya kwanza kuona ugali wangu aliubonyeza kwa kidole akaniuliza, "Baba, hii umepika ama unataka kujenga nayo?" Binti yangu akacheka sana. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Jumatatu ile, nami nikacheka pia, halafu nikatoka nje kwenda kuchanja kuni ambazo zilikuwa zimekwisha chanjwa.

Nilijifunza kufua gauni bila kulirarua. Nilijifunza kwamba mtoto wa kike akisema kichwa kinawasha, unatazama, usimwambie anyamaze. Nilikatazwa na aibu kumwomba jirani amnyoe, nikamnyoa mwenyewe kwa wembe, nikamkata juu ya sikio. Alijishika, akaona damu kwenye vidole, akaniambia, "Mama akikuja usimwambie." Alikuwa ananilinda mimi. Nilikaa nao ule wembe mkononi muda mrefu bila kujua niendelee au niache, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa nusu.

Kila jioni, tukishakula, alikuwa akiniomba tikiti. Aliifungua juu ya paja, akapitisha kidole kwenye mistari na kuhesabu kwa sauti. Nilijisifu mbele ya wakamuaji wenzangu kwamba binti yangu atakuwa karani, hajaingia shule na anahesabu mpaka thelathini. Niliona akili yake, sikuona anachokihesabu. Leo yeye mwenyewe ni nyanya, na nikimkumbusha habari hizi husema hakumbuki, halafu hubadilisha mazungumzo.

Kilichokuwa kinaninyima raha siku zile kilikuwa hofu ya kunyang'anywa yeye. Mama yangu alikuwa ametuma salamu kutoka nyumbani kwamba nimpeleke msichana kwake, mwanamume hawezi kulea mtoto wa kike peke yake. Wazee wa maombi ya Jumapili walisema vivyo hivyo, kwa upole, mmoja baada ya mwingine. Nyapara naye akaniita kando. Nyumba za laini zilikuwa za watu wenye wake, na mwanamume asiye na mke alilala katika banda la vijana, watu sita chumba kimoja. "Bwana hajajua," akaniambia. "Lakini akijua, mimi sitaweza kukusaidia. Fanya kazi yako, usilete maneno." Nikaelewa. Nikipoteza kazi au nyumba, nampoteza mtoto. Sitasema ilikuwa mapenzi matupu. Nilikuwa pia sitaki watu waone kwamba hata huyu mmoja amenishinda. Lakini mapenzi yalikuwepo, na yalikuwa mengi kuliko nilivyofikiri ninayo.

Tikiti ilipofika mistari kumi na nane, mtu wa kwetu alirudi kutoka likizo akaniletea neno la shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alisema nisijisumbue kuja na wazee kumwomba dada yake arudi. Ng'ombe wangu watarudishwa baada ya mavuno. Kwetu, ng'ombe wakirudishwa hakuna ndoa tena, imekwisha kabisa. Nilimshukuru yule mtu kwa kubeba ujumbe, nikamuuliza habari za mvua.

Asubuhi iliyofuata sikuamka kwenda kukamua. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimelewa, ni miguu tu iliyokataa. Nililala nikitazama nyasi za paa. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na jirani akaniletea uji na mara hii hakuwa na mzaha. Siku ya tatu niliamka, lakini badala ya zizini nilikwenda mjini kwa miguu, nikasimama stesheni mpaka gari la moshi la kutoka magharibi likafika. Nilitazama kila mwanamke aliyeshuka na mtoto mgongoni. Nilirudi nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mbona leo hawajaandika?" binti yangu akaniuliza, na tikiti ilikuwa imefunguliwa pajani mwake.

"Sikuenda kazi."

"Hata jana?"

"Hata jana."

"Kesho utaenda?"

"Nitaenda."

"Uende, Baba," akasema. "Ukikaa hapa haiishi."

Nikadhani ananisuta kama mama yake alivyokuwa akinisuta. Nikamwambia wazi kwamba mtoto hamwamrishi baba. Akakunja tikiti akanirudishia.

Nikarudi kazini. Siku chache baadaye, jioni, nikiwa namwosha uso, niliona ulimi wake una rangi ya zambarau. Nikadhani amekula matunda ya porini kule kando ya mto na watoto wa jirani, nikamkemea asile vitu asivyovijua. Akafumba mdomo, akaitikia kwa kichwa. Tikiti sikuitazama. Niliitoa na kuirudisha mfukoni kila siku, nyapara akiweka mstari gizani alfajiri kwa mwanga wa taa, na hata yeye hakuhesabu. Mimi niliamini hesabu ya mtoto. Aliponiambia kwamba mwezi umeisha, nilishangaa kidogo jinsi siku zilivyokimbia, nikaipeleka ofisini.

Ofisi ilikuwa chumba cha mabati kando ya ghala. Karani alikaa na kitabu chake, nyapara akiwa amesimama nyuma yake na Mzungu mlangoni. Nje walikaa wake na watoto waliokuja kungoja malipo, binti yangu akiwa miongoni mwao na jirani. Karani akatazama tikiti, akatazama kitabu, akahesabu tena kwa ncha ya kalamu.

"Kitabu inasema ishirini na nne," akasema. "Hapa iko thelathini."

Nyapara akaichukua. "Hii sita si mkono yangu."

Damu ikanipanda. Hasira yangu haikuwahi kuniuliza ruhusa. Nikamwita mwongo mbele ya Mzungu, nikamwambia anaandika gizani akisinzia na kesho yake hakumbuki hata jina lake. Nikasema mengine ambayo sitayarudia. Yeye alinigeuzia tu ile karatasi nione. Mistari ishirini na minne ilikuwa myembamba, imelala upande mmoja. Sita ilikuwa minene, imelowa mate, mmoja umevuka mpaka wa chumba chake, na karatasi ilikuwa imekaribia kutoboka kwa jinsi mwandishi alivyokandamiza. Nikaukumbuka ulimi.

"Wewe nataka iba siku sita?" Mzungu akauliza kwa Kiswahili chake. "Nani naandika hii?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli na sikuutumia. Niliona ni aibu kubwa mwanamume kujificha nyuma ya mtoto. "Ni mimi, Bwana," nikasema.

"Basi toka shamba yangu. Leo."

Ndipo niliposikia jirani akimwita mtoto arudi, na binti yangu akapita chini ya mkono wa Mzungu akaingia. Hakuwa analia. Alisimama mbele ya meza, ambayo ilimfika kidevuni, akazungumza na karani kwa sababu karani ndiye aliyekuwa amekaa.

"Si Baba. Niliandika mimi. Penseli niliokota pale kwa geti ya ng'ombe."

"Uliandika kwa nini?" karani akamuuliza.

"Nilikuwa nataka mwezi iishe. Mama alisema atakuja mwezi ikiisha. Na Baba alikuwa anakataa kwenda kazi."

Nyapara akamwambia atoe ulimi. Akautoa. Bado ulikuwa na rangi pembezoni. Hakuna aliyecheka. Karani alianza kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimepangika. Mzungu hakuwa ameelewa, maana mtoto alisema haraka, akamgeukia nyapara amweleze. Nilijua nyapara akieleza yote, basi Mzungu atajua sina mke, na nyumba imekwenda. Mtu niliyekuwa nimemtukana dakika chache zilizopita akanitazama, akamtazama mtoto.

"Toto nacheza na penseli, Bwana," akasema. "Kitu ya watoto tu."

Mzungu akaguna kidogo. Aliamuru ile mistari sita ikatwe, nimalize siku zangu, na posho ya wiki ile nisipewe, ili nijifunze kuweka tikiti mahali pa juu. Nilitoka nimeshika mkono wa binti yangu. Nilitaka kumshukuru nyapara na sikuweza. Mpaka nilipoondoka shamba lile miaka mitatu baadaye sikuwahi kumshukuru wala kumwomba radhi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki ile tulikula kwa jirani. Kila nilipokwenda na bakuli aliniambia kwamba kwa bahati amepika kingi, na kila mara nikamwambia nilikuwa napita tu. Sote wawili tulijua tunachosema.

Lakini shida iliyonilaza macho haikuwa njaa. Binti yangu alitoka ofisini akiwa na furaha. Hakuchapwa, na sasa alikuwa na hesabu ya kweli. "Imebaki sita," aliniambia njiani, akiruka mashimo ya matope. Nilipaswa kumwambia siku ile ile. Nilijiambia nitamwambia kesho, ashibe kwanza. Kesho nikasema baada ya kazi. Nimewahi kumkaba fahali aliyekata kamba, lakini siku tano mfululizo nilimwogopa mtoto wa miaka sita aliyekaa na karatasi pajani.

Siku ya mwisho nilirudi jioni na mistari thelathini. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, na udongo ulikuwa bado na alama za ufagio. Alikuwa amemwomba jirani ampake mafuta miguuni. Kikapu cha vitu vyangu alikuwa amekitoa juu ya kitanda akakiweka chini, ili mama na mtoto wapate mahali pa kulala. Akaomba tikiti, akahesabu mpaka mwisho, akaniuliza kama gari la moshi limekwisha fika.

Nikakaa chini mbele yake. Nikamwambia mama harudi. Akasema mwezi umeisha. Nikamwambia ndiyo, umeisha, na hata mwingine ukiisha harudi, atakaa kwa nyanya siku zote. Akauliza kama ni kwa sababu aliandika mistari ya uongo. Hapo nililia, sioni haya kusema. Nikamwambia si yeye, ni mimi. Mama ameondoka kwa sababu nilimpiga, na yeye mwenyewe aliona, na nilikosa. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote neno hilo kabla ya siku ile, wala mchungaji.

Alikuwa akifikiri, kama alivyokuwa akifikiri akifika mstari ambao hakuwa na uhakika ameuhesabu. Nilingoja alie nimbebe, maana hilo nilikuwa nimejiandaa nalo.

"Na wewe," akaniuliza, "utaenda mwezi gani?"

Nikamwambia mimi siendi popote, nitakuwa hapa. Akaitikia kwa adabu, kama watoto wanavyowaitikia wakubwa. Halafu akanirudishia tikiti mkononi, akangoja kidogo, akaniuliza tena.